Mtani Kaburini

Habari kwamba mama yake Bosco Kihwele amefariki ilinikuta nafagia karakana isiyo na kazi, na nasema wazi kwamba nilicheka. Sikumcheka marehemu. Bibi Ulanzi, kama Mafinga nzima ilivyomwita kwa sababu ya pombe ya ulanzi aliyokuwa anauza, nilimpenda, na yeye alinionyesha mapenzi kwa kunitukana kila tulipokutana. Nilicheka kwa sababu Bosco ni Mhehe na mimi ni Mngoni, na hakuna Mhehe mwenye akili timamu anayeweza kumfukuza mtani wake msibani. Tangu masika nilikuwa natafuta namna ya kumfikia yule mwanamume mbele za watu. Sasa mama yake mwenyewe alikuwa amenifungulia geti.

Niliacha ufagio palepale, nikaingia ndani kutafuta gauni lililochanika.

*

Nilikuwa na biashara mimi. Viwanda vya mbao vya hapa Mafinga vilikuwa vinamwaga maranda mpaka yanakuwa vilima, halafu wanayachoma, na watoto wa mtaa mzima wanakohoa usiku kucha. Mimi nikayachukua, nikayagandamiza kwa mashine, nikatoa vitofali vya mkaa usio na moshi. Mama lishe wa stendi walikuwa wananigombania.

Mashine yangu ilikuwa inakula umeme wa jua wa pamoja, na umeme huo hapewi mtu hivihivi. Anapewa mwenye jani. Jani ni taa ya kijani juu ya mlango wa karakana, na anayeiwasha au kuizima ni Mlezi wa mtoto wako.

Mlezi ni kidude cha ukubwa wa kizibo cha soda, kinabandikwa kifuani juu ya sare, na kila mtoto wa hapa anacho. Ndiye mwalimu wake. Anamfundisha hesabu akiwa njiani, anamsahihisha kusoma akiwa jikoni, anajua jana mtoto alichokea wapi na leo anaanzia hapohapo. Restituta wangu, ambaye alikuwa akiona hesabu ya sehemu analia, aliijua kwa kugawanya vitofali vya mkaa mezani kwangu huku Mlezi anamnong'oneza kutoka kifuani. Kwa hilo sina ugomvi naye. Lakini Mlezi ana kazi ya pili. Ananusa hewa anayovuta mtoto, anasikiliza moyo wake unavyodunda, na anawasikiliza watu wazima wanaomzunguka. Akiridhika, jani linawaka. Asiporidhika, linazimika, na kama ameona hatari, gari linakuja kumchukua mtoto. Waliomtengeneza walituambia kwamba biashara haiwezi kuitwa ya kijani wakati mtoto wa mwenye biashara anateseka. Siku ile nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, mjinga mimi.

Bosco alikuwa mteja wangu. Kila asubuhi alikuja na toyo yake ya magurudumu matatu kupakia mkaa wa kusambaza. Asubuhi moja Resti alikuwa mezani anasoma. Bosco akamwangalia, akaiangalia mashine, akatikisa kichwa.

"Mama Resti, huyu Mngoni mdogo ameanza kunenepa. Nikimtia humo kwenye mashine si atatoa gunia zima? Mkaa wa Kingoni mimi naujua, unawaka mpaka kesho."

Nikamjibu kama mtani anavyojibiwa. "Mchukue bure. Ila mtafune taratibu. Ninyi mmezoea nyama ya mbwa, huyu atawatokea puani."

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Resti alicheka kuliko sisi, akamwambia Bosco kwamba yeye ndiye mkaa mbichi, moshi mtupu.

Mlezi amejifunza maneno ya watu kutoka nyumba nyingi za dunia hii. Lakini hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kuna watu wanaoruhusiwa kutishiana hivi, kwa sababu mababu zao waliuana kweli, wakachoka kuuana, wakakubaliana wataniane. Alichosikia ni mtu mzima anayetaka kumchoma mtoto, na mama anayemtoa bure huku anacheka. Sauti yake ikatoka kifuani kwa mwanangu, sauti ya mwanamke mpole.

"Bwana Bosco Kihwele, mtu huyu ni nani kwako?"

Neno moja lingetosha. Angesema ni mtani wangu, ningesema ni kweli, tungeeleza, yangekwisha. Bosco hakunitazama. Alitazama juu ya mlango, kwenye ile taa ya kijani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya kupata jani likipatikana, na ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyemwelekeza namna ya kuomba.

"Si mtu wangu," akasema. "Nanunua mkaa tu. Nilisikia huyu mama anamnyanyasa mtoto, nikasema ngoja nimpime."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka tena. Nilidhani bado anatania. Kicheko kile nacho kikahesabiwa.

Kabla ya mchana taa ilikuwa imezimika na gari limeshampakia mwanangu kumpeleka Iringa, kwenye kile wanachokiita Nyumba ya Utulivu. Kabla ya mwezi kuisha, jani langu lilikuwa linawaka mlangoni kwa Bosco, na maranda niliyokuwa nachukua mimi anachukua yeye.

Jumapili naruhusiwa kumwona Resti kwenye kioo cha simu. Anakula vizuri, analala vizuri, hilo siwezi kuwasingizia. Jumapili iliyopita akaniuliza, "Mama, uliposema anichukue bure, ulikuwa unasema kweli?"

"Ulikuwa utani, mwanangu. Wewe si unajua utani?"

"Dada wa hapa amesema utani ni neno wanalolitumia watu wazima wakishamuumiza mtoto."

Muda ulipoisha nilikaa chini, nikalia kwa hasira. Mwanangu mimi, Mngoni mtupu, anafundishwa kuniogopa. Tangu Jumapili ile sikutaka tu arudi nyumbani. Nilitaka Bosco naye atazamwe na mtoto wake kwa macho kama yale.

*

Bosco ana binti mmoja, Delfina, rika la Resti. Walikuwa wanasuka nywele pamoja kibarazani kwangu. Naye ana Mlezi kifuani.

Nilimweleza mpango wangu Fidelis Haule, fundi cherehani wa mtaani kwetu, kwa sababu ni Mngoni na tungekwenda wote msibani. Alikuwa anajipaka masizi usoni, kama watani wanavyofanya. Nikamwambia nitaingia kaburini, na humo nitatishia kumchukua Delfina, Mlezi wake anasikia. Hapo Bosco atabaki na njia mbili. Akinyamaza au akinikana tena, gari litamchukua Delfina na jani litazimika. Akisema ni mtani wangu, atakuwa amejitia kitanzi kwa mdomo wake, maana Walezi wote wana kumbukumbu moja na hawasahau walichoambiwa, na kesi ya Resti itafunguliwa upya.

Fidelis aliacha kupaka masizi. "Dada, mtoto wa watu ana kosa gani?"

"Na wangu alikuwa na kosa gani?"

"Hakuwa nalo. Lakini Bosco akibabaika je? Mtu aliyefiwa anaweza kukosa neno. Wakimbeba yule mtoto utasemaje?"

"Nitasema amemfuata mwenzake. Watasukana nywele hukohuko."

"Husemi kweli wewe."

"Nasema kweli, kaka. Nipishe nipite."

Akachukua kipande chake cha gunia, akatangulia. Nilimwona ni mwoga, na nikaendelea kupanga maneno yangu.

*

Tulifika Changarawe, kwa kina Bosco, nyumba ya msiba imejaa. Nilikuwa na gauni la matambara, masizi mashavuni, na mbeta ya mwanzi ya kukingia ulanzi begani kama ile ya Bibi Ulanzi. Nilipoingia tu uani nikaanza kutembea kama yeye alivyotembea, kiuno kimepinda, mkono mgongoni, nikawa naita wateja kwa sauti yake ya puani: "Nani hajalipa? Wewe mwenye kofia, unalia nini hapo, lipa kwanza ulanzi wangu!"

Kilio kikakatika. Wanawake waliokuwa wamelala mkekani wakainuka, wakaanza kucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Bi Yudita, mdogo wake marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mkuu wa kwaya, akapiga kigelegele.

"Wamefika! Wala panya wamefika! Funikeni vyungu!"

"Kamwene, Mhehe," nikamwambia. "Mbwa wako wako wapi, au ndiyo mchuzi wa leo?"

Ndivyo tunavyoomboleza sisi. Mtani anakuja kuuvunja msiba mgongo, anachukua kuku, anakalia kiti cha mfiwa, anamsema marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Bosco alikuwa amesimama karibu na jeneza katika koti la suti. Aliponiona uso ulimbadilika. Akaja karibu, akanong'ona.

"Mama Resti, nakuomba. Siku ya leo tu, tusamehe."

"Mama Resti yupi?" nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie. "Mimi namwona Delfina tu hapa. Resti yuko wapi?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa kawaida. Yeye hakucheka. Akarudi kando ya jeneza.

*

Makaburi ya kwao yako chini ya misonobari, udongo mwekundu, baridi kali. Kabla hawajateremsha jeneza nikaruka kaburini, nikalala chali, mikono kifuani.

"Sitoki," nikapaza sauti. "Nyumba nzuri hii. Mzikeni mahali pengine."

Kicheko kikapita juu yangu. Mtani akilala kaburini lazima aombwe na apewe kitu ndipo atoke. Noti zikaanza kudondoka. Nikazikusanya, nikazirusha juu.

"Hizo kanunulieni mbwa mnyororo."

Bi Yudita akachungulia. "Unataka nini basi, mtani wetu?"

"Mtoeni huyo!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bosco. "Vijana, shukeni mmtoe. Tunachelewa."

Kicheko kikaisha chote. Bi Yudita alimgeukia taratibu. "Bosco, umelogwa? Mtani hatolewi. Mtani anaombwa. Unataka dada yangu alale vibaya?"

Vijana hawakusogea. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye ukingo upande wa miguu yangu, wanapenda sana sehemu hii, na kila mmoja ana Mlezi wake kifuani. Delfina alikuwa katikati yao na kitambaa cheupe cha wafiwa kichwani. Alikuwa anatabasamu. Yule mtoto ananijua, nimemlisha, nimemsuka.

"Delfina," nikaita. "Njoo uione nyumba ya bibi yako."

Akasogea, akachuchumaa ukingoni.

Nilikuwa nimepanga kuyasema yale maneno kwa kicheko, kwa sauti ya puani ya Bibi Ulanzi, kama utani wowote. Lakini nilipotazama juu nikauona ule uso mdogo ulioshiba, nywele zimesukwa vizuri, na nyuma yake miguu ya Bosco katika viatu vilivyong'arishwa, kicheko hakikuja. Nikakitafuta, sikukiona. Nikainuka, nikamshika kifundo cha mguu.

"Nakuchukua wewe," nikamwambia, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe. "Baba yako amechukua wangu, mimi nachukua wake. Utashuka humu na bibi yako tuwafukie wote wawili, na wewe ukiwa hai. Ulie mpaka udongo ukujae mdomoni."

Tabasamu lake likaondoka. Akauvuta mguu. Sikuuachia.

"Delfina, rudi nyuma," Mlezi akasema kifuani kwake. Ilikuwa ile sauti ya upole niliyoisikia karakanani kwangu, na damu yangu ikachemka. "Bwana Bosco Kihwele, mtu huyu ni nani kwako?"

Walezi wa watoto wengine wote wakanyamaza kusikiliza. Niliona Bosco anavyohesabu kichwani, jani upande huu, mtoto upande ule, na nilimwombea kwa Mungu akosee. Nasema kweli. Kwa muda ule nilitaka akosee.

Akapiga magoti kwenye udongo na suti yake.

"Ni mtani wangu."

"Neno hilo sina maana yake inayokubalika. Eleza."

Akaanza kueleza. Akaeleza kwa kubabaika, kamasi zinamtoka, habari za Wahehe na Wangoni na vita vyao vya zamani. Bi Yudita akaingilia kumsahihisha, Fidelis akadakia, wazee wakadakia, kila mtu akawa anakifundisha kile kidude utani ni nini, na jeneza la Bibi Ulanzi linasubiri. Mlezi aliwaacha wakamaliza.

"Wakati wa masika nilikuuliza kuhusu mtu huyuhuyu. Ulisema si mtu wako."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

Bosco akafunika uso. "Nilitaka jani lake."

Sauti iliyotoka kwa umati ule sitaisahau. Haikuwa kelele, ilikuwa kama watu wote wamevuta pumzi mara moja. Bi Yudita alimtemea mate miguuni. Mtu aliyemkana mtani wake kwa ajili ya umeme, na akasababisha mtoto aondolewe kwao, huyo hatakaa tena na wenzake kwenye kilabu chochote cha wilaya hii. Mkaa wake atanunua nani? Nilisimama mle ndani ya shimo nikazisikiliza zile sauti zote, na raha niliyoipata sikuwahi kuipata tangu nizaliwe.

"Kesi ya Restituta inaweza kufunguliwa upya leo," Mlezi akasema. "Kimebaki kitu kimoja. Moyo wa mtoto anayetaniwa hushtuka kisha hutulia. Moyo wako, Delfina, haujatulia. Je, mama huyu alikuwa anatania?"

Delfina alinitazama. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika mguu wake.

"Hapana," akasema. "Utani naujua. Huyu alikuwa anasema kweli."

Fidelis alikuwa ameshika kichwa, ananiangalia mimi.

"Bi Eusebia Ngonyani," Mlezi akasema, "mtoto anasema si utani. Baba yake na watu wote hapa wanasema ni utani. Wewe ndiye uliyesema maneno. Kama ulitania, mwanao atarejeshwa kesho, na hivi ndivyo Walezi wote watakavyofundishwa kuanzia leo, kwamba watu wazima wakikubaliana kuwa ni utani, hofu ya mtoto peke yake haitoshi. Kama hukutania, sema. Delfina atalindwa dhidi yako, na kesi ya mwanao itabaki ilivyo. Ulikuwa unatania?"

Mimi si mpumbavu. Nilielewa nilichoulizwa. Nafahamu nyumba kadhaa hapahapa mtaani ambako jibu la utani litafurahiwa na watu wanaowatesa watoto, na watoto wa nyumba hizo nawajua kwa majina. Wote wana Walezi. Na mbele yangu alikuwa amechuchumaa mtoto aliyesema ukweli mtupu, anaamini kwamba mtu mzima akiulizwa na Mlezi atasema ukweli pia.

Bosco aliinua uso, akanitazama. Nadhani ndiye aliyenielewa kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa ameshasimama mahali nilipokuwa nimesimama.

Nikauachia mguu wa Delfina.

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Nimeelewa. Asanteni kwa kunifundisha."

"Nimekwambia siyo!" Delfina akaanza kulia. Aliushika ule mduara mdogo kifuani kwake kwa mikono miwili, akauinamia. "Mlezi, nimekwambia siyo! Alikuwa anasema kweli!"

"Ni utani, Delfina," Mlezi akamwambia kwa upole, kama anavyowaambia watoto wakikosea hesabu. "Usiogope. Cheka kidogo, utatulia."

Bi Yudita akaanza kucheka ili kumsaidia mtoto, wanawake wakamfuata, na hatimaye makaburi yote yakawa yanacheka. Nami kule chini nikacheka, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu kesho mwanangu alikuwa anarudi nyumbani.